Waya, lehemu na sumaku: historia fupi ya chasisi ya gari la sloti

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, lakini itabidi mnivumilie. Wiki jana nilikuwa nyumbani Ukunda, na kuna jambo limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Mwenye kiu ya hifadhidata asubiri kidogo. Leo tuongee magari. Magari madogo.

Chini ya kitanda cha mamangu kuna boksi la zamani. Mjomba wangu alifanya kazi miaka mingi katika hoteli moja ya ufuoni Diani, na mwaka 2006 familia moja ya wageni ilipokuwa ikiondoka ilimwachia boksi hilo, akatuletea sisi watoto. Ndani mna vipande vya barabara ya plastiki nyeusi, transfoma, vidhibiti viwili vya mkononi na magari mawili ya kutosha kiganjani. Kila kipande cha barabara kina mifereji miwili, na kando ya kila mfereji kuna vyuma viwili vyembamba vya kupitisha umeme. Gari lina ulimi wa plastiki chini ya pua yake. Ulimi unazama mferejini, nyuzi za shaba zilizo pembeni ya ulimi zinagusa vyuma, mota inazunguka, gari linakwenda. Ukibonyeza kidhibiti kupita kiasi kwenye kona, gari linaruka nje na kugonga mguu wa meza. Duniani yanaitwa magari ya sloti, yaani magari ya mfereji, nami nitayaita hivyo hivyo.

Basi mpwa wangu, ana miaka 10, akalifukua boksi na kuyapanga yote sakafuni. Baada ya nusu saa akaniuliza: "Anko, mbona hili la buluu linaruka kila kona na jekundu haliruki?"

Nikamjibu bila kufikiri: "Jekundu lina sumaku chini."

"Na kabla ya sumaku walikuwa wakifanyaje?"

Hapo nikanyamaza. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, naandika programu kila siku ili nipate mkate wangu, na swali la mtoto wa Gredi ya 4 likanishinda. Usiku ule nikakaa kusoma. Nilichokipata ni kwamba sehemu kubwa ya elimu ya chasisi za magari haya haikuzaliwa kiwandani. Ilizaliwa kwenye meza za watu wa kawaida waliokaa wakikunja waya. Na waya, ndugu zangu, sisi tunaujua.

KAZI TATU ZA CHASISI

Kabla ya historia, tukubaliane kwanza chasisi inafanya nini. Ina kazi tatu. Ya kwanza ni kushika mota, gia na ekseli mahali pake zisichezecheze. Ya pili ni kuuweka ulimi ndani ya mfereji na zile nyuzi za shaba juu ya vyuma vya umeme, maana ulimi ukiinuka milimita chache tu safari imekwisha. Ya tatu ni kuamua uzito wa gari ukae wapi.

Dereva wa gari la sloti hana usukani wala breki ya mguu. Ana kitu kimoja tu mkononi mwake, nacho ni kasi. Mengine yote yalishaamuliwa na mtu aliyetengeneza chasisi. Ndiyo maana historia ya mchezo huu ni historia ya chasisi.

Tupige hesabu kidogo, msiogope. Gari likiingia kona, nguvu inalisukuma nje. Litapinduka au litateleza? Chukua nusu ya upana kati ya magurudumu, gawa kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka chini. Tuseme nusu ya upana ni milimita 22 na kimo ni milimita 25. Jibu ni 0.88. Kama tairi zinashika barabara kwa kiwango cha 1, gari hili litapinduka kabla halijateleza. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 25, litapinduka likifika kama mita 1.47 kwa sekunde. Sasa shusha uzito kimo kiwe milimita 15. Jibu linakuwa 1.47, kubwa kuliko mshiko wa tairi. Gari hili haliwezi kupinduka kwanza. Litaanza kuteleza mkia likifika kama mita 1.57 kwa sekunde.

Tofauti ya kasi ni ndogo. Tofauti ya tabia ni kubwa mno. Gari la kwanza linakuadhibu bila onyo. La pili linakuonya: mkia unatoka, unauona, unapunguza kasi, unalikamata. Tangu mwanzo watengenezaji walikuwa wakitafuta gari la kuonya, hata pale ambapo hawakulisema hivyo.

Mtu wa Diani haihitaji kanuni hii iandikwe ubaoni. Simama ufuoni uangalie ngalawa. Mtumbwi wenyewe ni mwembamba, ukipandisha tanga juu yake utapinduka mara moja. Wazee wakauongezea mirengu, zile mbao mbili zinazoelea pande zote mbili mwisho wa miti. Wamepanua msingi bila kuupanua mtumbwi. Hesabu ni ile ile.

KUANZIA BATI HADI PLASTIKI

Kampuni ya Lionel ya Marekani, inayojulikana zaidi kwa treni za kuchezea, iliuza magari ya mashindano ya umeme mwaka 1912. Hayakudumu, kufikia 1915 yalikuwa yameondolewa sokoni. Kisha miaka mingi ikapita huku wapenzi wa mifano ya magari wakijaribu hiki na kile, hasa magari yaliyofuata reli iliyoinuka juu ya barabara. Katikati ya miaka ya 1950 vilabu vya Uingereza na Marekani vikaanza kuipindua fikra hiyo: badala ya reli kuinuka, mfereji uzame. Barabara ikabaki laini, na gari likaweza kuteleza mkia bila kukwama kwenye reli.

Mtu aliyeupeleka mchezo huu madukani ni Mwingereza Fred Francis. Kampuni yake, Minimodels, ilikuwa ikitengeneza magari ya bati ya kutia ufunguo yaliyoitwa Scalex, yaliyotoka mwaka 1952. Francis akayatia mota ya umeme, akayatengenezea barabara ya mpira yenye mifereji, akaunganisha jina la Scalex na neno la umeme, likawa Scalextric. Yalizinduliwa kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate mwaka 1957.

Yale ya kwanza, Maserati 250F na Ferrari 375, yalikuwa mazuri ya kutazama. Lakini gari zima lilikuwa la bati, na bodi na kitako vilifanya kazi kama kitu kimoja. Bodi ikitikisika, kila kitu kinatikisika. Waandishi wa programu wenzangu mnajua ugonjwa huu: ile programu ambayo ukibadilisha rangi ya kitufe, ripoti za mishahara zinakataa kutoka. Kila kitu kimeshikana na kila kitu.

Mwaka 1958 Francis aliuza kampuni kwa Lines Bros, wenye chapa ya Tri-ang, na mwaka 1960 yakatoka magari ya plastiki. Plastiki ilikuwa rahisi na nyepesi. Bodi ikawa nyepesi, mota nzito ikabaki chini, na kitovu cha uzito kikashuka karibu bila mtu kukusudia.

Marekani nako kampuni ya Aurora ilianza kuuza magari madogo zaidi mwaka 1960. Mwaka 1963 ikaleta Thunderjet 500, na hapa kuna ubunifu ambao mimi binafsi nimeupenda. Mota ya kawaida ni kama mkebe uliolazwa. Aurora wakaisimamisha na kuibana iwe bapa kama chapati, mhimili wake ukitazama juu, gia zikapangwa juu ya bamba la chasisi. Mota haikufungwa kwenye chasisi. Chasisi yenyewe ndiyo ilikuwa nyumba ya mota. Kwa gari la ukubwa wa kidole gumba, hakuna nafasi iliyopotea. Yaliuzwa kwa mamilioni.

MIAKA YA WAYA

Katikati ya miaka ya 1960 mchezo ukalipuka Marekani. Kulikuwa na kumbi za biashara mamia kwa mamia zenye barabara kubwa za njia nyingi, watu wakilipa kwa saa kuja kushindana, mara nyingi kwa magari ya kipimo cha 1:24. Magari ya dukani yakawa hayatoshi. Watu wakaanza kutengeneza yao wenyewe.

Vifaa vilikuwa vitatu: waya mgumu wa piano, mirija na vipande vya shaba, na lehemu. Ukiwa na koleo, chuma cha kulehemu na meza, ulikuwa na kiwanda. Mtu alikuwa anatengeneza chasisi Jumatatu, anashindwa Ijumaa, anakata, analehemu upya Jumamosi. Kwa lugha yetu sisi, toleo jipya kila wiki. Hakuna kiwanda cha plastiki kinachoweza kwenda mwendo huo, maana kalibu moja ya chuma ni gharama kubwa na ikishachongwa imechongwa.

Katika miaka hiyo michache yalitokea mambo matatu makubwa.

La kwanza ni mahali pa mota. Mwanzoni mota ililala kwa urefu wa gari, na gia ya taji ikageuza mzunguko uende kwenye ekseli ya nyuma. Tatizo lake ni kwamba mota ikivuta kwa nguvu, mwili wa gari unataka kujipinda kinyume. Gurudumu moja la nyuma linakandamizwa, lingine linainuliwa. Wakaigeuza mota ilale sambamba na ekseli. Gia zikawa za kawaida na nguvu haikupotea, lakini mota ndefu haikutoshea kati ya magurudumu. Kufikia 1968 jibu likawa limepatikana: ilaze kwa mshazari. Mota ndefu inatosha, gia zinakutana karibu sambamba, uzito unakaa nyuma pale tairi zinapouhitaji. Mpangilio huo wa mshazari ndio uliotawala mbio za ushindani tangu wakati ule.

La pili ni ulimi wenye bawaba. Zamani ulimi ulifungwa moja kwa moja kwenye chasisi. Gari likirukaruka, ulimi unaruka nalo. Wakaufunga kwenye mkono wenye bawaba, mkono ukaning'inia kwa uzito wake. Sasa chasisi inaweza kuinuka kidogo na ulimi ukabaki chini mferejini ukiendelea kunywa umeme.

La tatu, kwangu mimi, ndilo kubwa kuliko yote. Walitenganisha bodi na chasisi. Bodi ikashikwa na mabawa ya pembeni yaliyofungwa kwa waya au bawaba, yenye uhuru wa kucheza kidogo. Kwenye kona bodi inaegemea nje, lakini inaegemea peke yake. Chasisi inabaki imelala barabarani. Waya wenyewe ukawa springi: unapinda, unarudi. Kiwanda nacho kikafuata mafundi hawa. Kampuni ya Cox, kwa mfano, iliuza mwaka 1967 gari lililoitwa La Cucaracha, lenye chasisi ya vipande vinavyocheza kwa bawaba.

Angalieni mwelekeo wenyewe. Gari la bati la 1957 lilikuwa kitu kimoja kigumu. Miaka kumi baadaye gari la ushindi lilikuwa vipande kadhaa ambavyo kila kimoja kina kazi yake, na kila kimoja kimepewa nafasi ya kutikisika bila kumtikisa mwenzake. Sisi tunafundishwa jambo hili chuoni kwa maneno makubwa. Wao walilifikia kwa kuungua vidole.

MAGARI YETU YA WAYA

Sasa nirudi Ukunda.

Kila aliyekulia Kwale anayajua magari ya waya. Unatafuta waya mnene, wa seng'enge au vibanio vya nguo vilivyonyooshwa, kwa ajili ya fremu ya chini. Unatafuta waya mwembamba kwa ajili ya bodi. Magurudumu unayakata kwenye ndara kuukuu zilizoletwa na bahari, au unatumia vifuniko vya mikebe. Viungo vinafungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vipande vyembamba. Kisha unaweka mti mrefu wa waya kutoka ekseli ya mbele hadi kifuani kwako, juu yake usukani, unakimbia nalo barabarani ukinguruma kwa mdomo. Afrika nzima watoto wanayatengeneza. Malawi yanaitwa galimoto, na mwaka 1990 kulitoka Marekani kitabu cha watoto chenye jina hilo, cha Karen Lynn Williams, kuhusu mtoto anayetafuta waya wa kutengenezea gari lake.

Kwetu gari lilikuwa lazima liwe Subaru. Safari Rally iliyoanza mwaka 1953 ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi mwaka 2021, lakini watoto hawakusubiri ruhusa ya mtu. Walitia namba ubavuni na kuendelea.

Fundi mkuu wa mtaa wetu alikuwa binamu yangu, aliyenizidi miaka mitatu. Gari lake lilikuwa halivunjiki. Sisi wengine tulikaza viungo vyetu kwa waya hadi vikawa vigumu kama chuma, na baada ya siku mbili za mashimo ya barabara ya mchanga fremu inakatika. Yeye alikaza kwa mpira tu, na bodi aliifunga kwenye fremu mahali pawili, si panne. Nilimwuliza kwa nini. Alisema: "Ukilibana sana, litavunjika. Liache lihangaike."

Liache lihangaike! Nimesoma juu ya mabawa yanayocheza ya miaka ya 1960 na sikupata maelezo mafupi kuliko hayo. Binamu hakuwahi kuona gari la sloti siku aliyoyasema. Alikuwa na tatizo lile lile, waya ule ule, akafika pale pale.

Lakini kuna tofauti, nayo inaniuma. Kule, kijana aliyekunja waya vizuri alishinda mbio, magazeti ya mchezo yakachora chasisi yake, kampuni ikaiga, na leo unaweza kusoma mwaka gani jambo gani liligunduliwa. Huku, binamu alikwenda shule na gari lake, mwalimu mmoja akalikanyaga mbele ya darasa akasema takataka zisiletwe shuleni. Hakuna aliyechora. Hakuna aliyeandika. Ndiyo maana katika makala hii naweza kuwapa miaka ya Lionel na Aurora, na ya Ukunda siwezi.

SUMAKU

Mwaka 1974 Aurora walileta magari yaliyotangazwa kwa jina la Magna-Traction. Sumaku za mota zilishushwa hadi karibu na barabara, zikavuta vile vyuma vya umeme. Gari likakandamizwa chini kana kwamba limeongezwa uzito, bila kuongezwa uzito. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Scalextric nao wakaweka sumaku chini ya magari yao.

Kwa mtoto anayeanza, sumaku ni baraka. Gari haliruki ovyo, mchezo unafurahisha siku ya kwanza. Siwalaumu waliobuni. Lakini fikirieni ilichofanya kwenye chasisi. Ukiwa na sumaku yenye nguvu, huhitaji kushusha uzito. Huhitaji bodi inayocheza. Chasisi mbovu na chasisi nzuri zinaanza kufanana. Na lile onyo la mkia kuteleza likapotea: gari linashika, linashika, linashika, halafu mara moja limeruka ukutani. Tumerudi kwenye gari lisiloonya, ila sasa liko kasi zaidi.

Sisi wenyewe tuliipitia njia hii. Mwaka 2007 gari la buluu lilikuwa linaruka kila kona. Binamu akaanza kulichunguza. Akatoa bodi, akagundua kwamba skrubu zake zilikazwa mno, akazilegeza nusu mzunguko. Likatulia kidogo. Alikuwa anataka kuendelea, amekwisha kuokota waya wa kutengeneza fremu mpya. Mimi nikaja na sumaku niliyoitoa kwenye spika iliyokufa, nikaigandisha kwa gundi chini ya lile jekundu. Likashika barabara kama kupe. Tukapiga makelele ya furaha, na toka siku ile hakuna aliyegusa chasisi tena. Waya aliouokota binamu ulibaki kwenye boksi. Upo hadi leo, nimeuona wiki jana.

Nilikuwa najisifu kwa sumaku ile miaka yote. Sasa naiona kwa jicho lingine. Niliharakisha jibu, nikaua swali. Kazini nimefanya hivyo mara ngapi? Programu inakwenda polepole, unaongeza kumbukumbu kwenye seva, inakimbia, kila mtu anapiga makofi, na ile dosari ya ndani inabaki imelala ikisubiri siku yake.

BAADA YA SUMAKU

Historia haikuishia hapo. Kumbi nyingi za Marekani zilifungwa kabla miaka ya 1960 kwisha, na Aurora yenyewe ilitoweka sokoni kufikia 1983. Lakini vilabu vilibaki, hasa Ulaya. Katika miaka ya 1990 kampuni za Hispania kama Ninco na Fly ziliinua ubora wa magari ya 1:32. Kisha Slot.it ya Italia ikaenda mbali zaidi kwa mota iliyokaa ndani ya kitanda chake chenyewe. Kitanda hicho kinafungwa kwenye chasisi kwa skrubu, na unaweza kukiondoa na kuweka kingine: cha mota ya kulala kwa urefu, cha sambamba au cha mshazari. Ukilegeza skrubu kidogo, kitanda kinacheza peke yake. Fikra ya waya ya miaka ya 1960 ikawa imerudi katika plastiki, sasa kila mtu anaweza kuinunua.

Mwaka 2004 mfumo wa kidijitali wa Scalextric ukawezesha magari kadhaa kutumia mfereji mmoja na kubadilisha njia. Chasisi ikalazimika kubeba bodi ya elektroniki juu ya yote. Na katika miaka ya 2010 printa za 3D zikarudisha kiwanda mezani: unachora chasisi jioni, unaichapa usiku, asubuhi unaijaribu. Mwendo ule ule wa koleo na lehemu.

Na jambo la kufurahisha: vilabu vingi vya watu wazima vinashindana bila sumaku. Wanaitoa makusudi. Wanataka gari linaloonya.

JUMAMOSI ILIYOPITA

Binamu hakufaulu mtihani wa darasa la nane, na pesa za kurudia hazikuwapo. Leo ana kibanda cha kuchomelea hapo Ukunda, anatengeneza fremu za tuktuk zilizopasuka. Madereva wanatoka hadi Msambweni kumfuata. Nilimwita Jumamosi, nikamwonyesha picha ya ulimi wenye bawaba kwenye simu. Nikaanza kumweleza kitovu cha uzito. Akanikatiza: "Nimeshaona. Hii ni bawaba tu. Lete hilo la buluu."

Akachukua ule waya wa 2007 na spoki moja ya baiskeli. Akazilehemu kwa risasi na asidi, mpwa akimshikia koleo. Kufikia magharibi gari la buluu lilikuwa na fremu mpya: mota imeshuka karibu kugusa barabara, ulimi unaning'inia kwenye mkono wake, bodi imefungwa kwa vipande viwili vya mpira wa tyubu. Bila sumaku.

Halikulishinda jekundu. Lazima niseme kweli, jekundu lilikuwa bado na kasi zaidi kwenye kona. Lakini la buluu lilikuwa linatoa mkia kwanza. Mizunguko kama ishirini mpwa alilirusha. Baada ya hapo nikamwona anaanza kulegeza kidole kabla ya kona, analiangalia, analikamata. Jekundu amelitupa kwenye boksi.

Shuleni wametakiwa kupeleka kifaa walichotengeneza kwa vitu vya mazingira yao, mtaala wa siku hizi unataka hivyo. Mpwa anapeleka chasisi. Nimemwambia aandike kwenye karatasi jina la aliyeilehemu na tarehe, abandike chini yake. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia siku moja kuna mtu atataka kuijua historia ya chasisi za Ukunda, asije akakosa mahali pa kuanzia kama mimi.

Haya, wiki ijayo hifadhidata, bila kukosa. Na kama nyumbani kwenu kulikuwa na fundi wa magari ya waya, niandikieni alikuwa anafungaje viungo vyake. Nataka kuanza kuandika miaka.